Balozi wa Nyumba Kumi, wa Vitabu vya Watoto

Mwezi uliopita, saa ya chai, mwalimu mwenzangu alituuliza swali ambalo mpaka leo halijaniachia. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba Marekani wana mtu anayeitwa balozi wa taifa wa fasihi ya watoto na vijana. "Haya," akasema, "siku na sisi tukiambiwa tumchague wetu, tunampa nani?"

Majibu yalikuja kabla chai haijamiminwa. Mmoja akamtaja msanii wa Bongo Fleva. Mwingine akamtaja mshambuliaji wa mpira. Wa tatu akamtaja mchekeshaji ambaye wanafunzi wetu wanamwigiza mpaka mwendo. Mimi sikuwa na jina la kutoa. Kengele ikagongwa, nikaingia darasa la pili na chaki mkononi na swali kichwani, na nimekaa nalo wiki zote hizi. Jina bado sina. Ila sasa najua ni mtu wa namna gani, na ndiyo maana naandika.

Neno lenyewe lilinikamata kwanza. Balozi. Kwenye taarifa ya habari balozi ni mtu wa suti, gari lenye bendera na hati za utambulisho Ikulu. Lakini mimi nimekulia kijijini, upande ambao siku hizi ni Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, na huko balozi ni wa nyumba kumi. Utaratibu ule ulianza enzi za TANU: kaya kumi, mtu wao mmoja. Babu yangu alikuwa balozi. Bendera hakuwa nayo. Alikuwa na tochi ya betri mbili na daftari lililovalishwa gazeti, na usiku hodi ikipigwa alivitafuta hivyo viwili gizani kabla hajatafuta viatu. Mama fulani ameshikwa na uchungu. Mgeni amefika, anatafuta pa kulala. Ndama hajarudi. Yote yalipita kwenye mlango wetu.

Nilipofika darasa la tatu macho ya babu yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Jioni ananiita, "Mjukuu wangu, hebu nisomee." Nami nasoma majina ya wakuu wa kaya, moja baada ya jingine, kwa mwanga wa kibatari, kidole kikifuata mstari. Kila jina akilisikia anatia neno: huyu mkewe amejifungua, huyu mbuzi wake wamekula mtama wa jirani, huyu ana mgeni kutoka Manyoni. Nikikosea jina ananirudisha, kwa upole lakini ananirudisha, kwa kuwa jina la mtu halikosewi. Daftari lile ndilo kitabu cha kwanza nilichomsomea mtu. Shuleni tulikuwa tunaimba ba be bi bo bu mpaka koo likauke. Kwa babu ndipo nilipojua kwamba ndani ya maandishi kuna watu.

Kwa hiyo ukiniambia balozi wa usomaji wa watoto, mimi namwona huyo. Anayepigiwa hodi. Anayejua nyumba ipi ina nini na ipi haina.

Nikaanza kufuatilia wenzetu walivyofanya. Marekani walianzisha cheo hiki mwaka 2008, kupitia Maktaba ya Bunge lao pamoja na wadau wa vitabu vya watoto. Muda wake ni miaka miwili. Anayeteuliwa huvishwa medali, kisha anachagua mwenyewe jambo atakalolisimamia. Wa kwanza alikuwa Jon Scieszka. Walter Dean Myers, aliyeshika kuanzia 2012, alisimama na neno moja zito: kusoma si hiari. Gene Luen Yang, mchoraji wa hadithi za picha, aliteuliwa 2016. Yeye aliwataka watoto wachukue kitabu kinachomhusu mtu asiyefanana nao, au mada wasiyoijua, au kitabu cha umbo wasilolizoea. Jason Reynolds alianza 2020, na muda wake ukafika miaka mitatu kwa sababu ya korona. Huyo ndiye aliyenigusa zaidi, kwa kuwa alitaka kufika kwenye miji midogo na vijijini, kule waandishi wasikofika, na akawataka watoto ndio washike kipaza sauti wasimulie yao.

Uingereza waliwatangulia, 1999, na wa kwanza wao alikuwa Quentin Blake, mchoraji. Wazo lilitokana na mazungumzo ya waandishi wawili, Ted Hughes na Michael Morpurgo. Watu wawili wakiongea, basi, na leo ni jambo la taifa. Hilo linanipa moyo.

Ukiangalia majina hayo utaona jambo moja: wote ni watu wanaotengeneza vitabu, wanaviandika au wanavichora. Na kwa Wamarekani kuna jingine linalotuhusu sisi wa Dodoma hasa. Mlezi wa cheo chenyewe ni maktaba ya Bunge. Bunge letu liko hapa. Watoto wa Chang'ombe na Makole huona misafara ya waheshimiwa ikipita, wanapunga mikono. Sioni kwa nini siku moja msafara usimame kwa ajili yao, mtu ashuke akiwa na kitabu.

Mdogo wangu, ambaye ni fundi simu pale Majengo, hakubaliani nami kuhusu msanii. "Dada," aliniambia tukila ugali wa uwele na mlenda, "mtoto atamsikiliza nani, huyo mwandishi wako ambaye hamjui, au mtu ambaye nyimbo zake anazilalia na kuziamkia?" Ana hoja, na sikumkatalia palepale. Msanii akisema "someni" ataifikia Tanzania nzima kabla jua halijazama.

Lakini mimi nimeshamwona mgeni wa namna hiyo. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye shule niliyokuwa nafundisha, aliletwa mtu maarufu kuhamasisha usomaji. Tulipanga watoto tangu saa mbili asubuhi. Alifika saa sita. Kulikuwa na bango, spika mbili kubwa, kofia za kugawa. Alizungumza vizuri, sitamsingizia, watoto walipiga kelele mpaka vumbi likapanda. Aliwaambia kusoma ni ufunguo wa maisha. Akapiga picha nao, akaondoka. Katika muda wote ule hakuna kitabu kilichofunguliwa, hata kimoja. Kesho yake nikawauliza darasa la tatu mgeni alisema nini. Wakaimba wimbo wake, wote, bila kukosea neno. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, yule naye huwa anasoma?" Nilikosa jibu, na bado ninaona aibu kwamba nilikosa.

Watoto ni wakali wa kuona. Wanajua anayependa kitu na aliyetumwa kukipenda.

Sasa niseme habari ya kabati, maana ndiyo inayonifanya nitamani balozi kuliko kitu kingine chochote.

Shule nyingi zina vitabu vya kiada, vile vya kufundishia, vichache au vingi kutegemea mwaka. Vya ziada, vya hadithi, ni habari nyingine. Vikiwepo, huwa viko kabatini, na kabati liko ofisini kwa mwalimu mkuu, na ufunguo uko mfukoni mwake. Nilipohamia shule moja ya kijijini nilionyeshwa kabati hilo kama mtu anavyoonyeshwa sanduku la akiba. Niliomba lifunguliwe. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, tukalitia mafuta ya taa. Mlango ulipoachia tukakuta vitabu vimesimama safu kwa safu, vingine vingali kwenye nailoni yake. Nikavuta kimoja. Kilikuja chepesi mno. Mgongo ulikuwepo, jalada lilikuwepo, picha ya sungura ilikuwepo, lakini ndani palikuwa na udongo. Mchwa walikuwa wameingia kwa nyuma, kwenye ufa wa ukuta, wakapanda na vijia vyao vya tope wakala safu nzima ya chini, kurasa kwa kurasa, wakaacha magamba.

Mwalimu mkuu alishika kichwa. Alikuwa mtu mwema sana, na nataka hilo lieleweke. Aliniambia, "Mwalimu, hivi nimevisaini kwenye leja. Mtoto akichana, jina litakaloulizwa ni langu." Ukweli ndio huo. Anayekuja kukagua anahesabu vitabu. Sijawahi kuona anayekuja kuhesabu wasomaji. Basi mtu mwenye busara akikabidhiwa vitabu 60 na watoto 700, anafunga kabati, na huwezi kumlaumu.

Mtu wa kumtoa woga mwalimu mkuu huyo hawezi kuwa mimi, mwalimu wa darasa la pili. Anahitajika mtu mwenye cheo cha taifa, atakayefika na kusema mbele ya afisa elimu kata, mbele ya wazazi, mbele ya kamera kama zipo: kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake, andikeni hivyo kwenye leja. Mara moja tu akilisema, walimu wakuu wa kata nzima wana pa kuegemea. Ndiyo maana nasema cheo hiki si cha mapambo. Neno la balozi wa nyumba kumi lilikuwa na uzito ofisini kwa mtendaji, na babu alilitumia kuwaombea watu wake.

Nisieleweke kwamba nchi hii haijafanya kitu. Bodi ya Huduma za Maktaba ilianzishwa kwa sheria ya 1963, na Dodoma tuna maktaba ya mkoa. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza 1991, ukasaidia wachapishaji wa humu ndani kwa kuwanunulia nakala na kuzipeleka shuleni, ukafundisha waandishi na wachoraji. Kuna kizazi kizima cha hadithi za Kiswahili kisingekuwepo bila kazi ile. Na tangu 2023 tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo sherehe yake ya kwanza ilifanyika Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Ilianza na riwaya na ushairi, baadaye hadithi za watoto zikaongezwa. Niliposikia hilo nilifurahi kama nimeshinda mimi.

Lakini tuzo humfikia mwandishi. Anatoka jukwaani na hundi, tunampigia makofi, na mtoto wa Mvumi hajui kama kitabu hicho kimeandikwa. Katikati yao anahitajika mtu wa kutembea.

Na atembee akiijua lugha ya huku. Watoto wangu wengi nyumbani wanaongea Kigogo. Kiswahili wanakijua, cha gulioni na cha redio, ila kitabu kinawajia na maneno ya pwani. Mwaka juzi tulikuwa tunasoma hadithi ya mvuvi na jahazi. Binti mmoja akasoma ukurasa mzima bila kukwama, silabi zote mahali pake, nikampongeza. Kisha nikamuuliza bahari ni nini. Akafikiri. "Ni kama Bahi mvua zikijaa?" Mwenzake akamkatiza, "Hapana, ni kama bwawa la Mtera." Tukaanza hapo, tukapanua Mtera, tukapanua tena, mpaka tukaondoa ng'ambo. Nilimaliza kipindi cha dakika 40 kwenye neno moja, na sijutii. Lakini nilijiuliza mtoto huyu atakutana lini na hadithi ya korongo lililokauka, ambamo mama zetu huchimba mchanga kufuata maji, na punda anasubiri na madumu yake. Hicho angekisoma na kuniambia mimi nisichokijua.

Mtu wa kutufungulia njia hiyo tulishawahi kuwa naye. Mathias Mnyampala alizaliwa 1917 Ihumwa, hapa hapa, jirani na ulipojengwa Mji wa Serikali wa Mtumba. Alikuwa Mgogo, hakimu na mshairi, aliyeandika historia ya Wagogo kwa Kiswahili, ikachapwa 1954. Baada ya Azimio la Arusha ngonjera zake zilienea mashuleni. Mnaokumbuka ngonjera mnajua: wawili wanasimama mbele ya watu, mmoja anabisha, mwingine anajibu, kwa vina na mizani. Alifariki 1969, lakini mimi niliyezaliwa baadaye kabisa nilisimama kwenye ngonjera siku ya wazazi, upande wa mbishi, na mama yangu asiyejua kusoma akazijua beti zangu zote kabla yangu kwa kunisikia nikikariri nikiosha vyombo. Maneno ya mtu wa Ihumwa yaliwekwa vinywani mwa watoto wa nchi nzima, hata waliokuwa hawana kitabu. Hakuna aliyemwita balozi. Kazi aliifanya.

Kuna wengine ambao balozi asipowafikia cheo chake kitakuwa nusu. Buigiri, barabara ya Morogoro, kuna shule ya msingi ya watoto wasioona. Wanasoma kwa vidole, kwa nukta nundu. Kila hadithi mpya inayotangazwa nchini, natamani mtu mmoja mwenye sauti asimame aulize, kila mara, bila kuchoka: na Buigiri wataisoma lini?

Sasa wa kumchagua ni nani. Wenzetu wana kamati ya watu wa vitabu, na hilo nalikubali: wakutubi, walimu wa madarasa ya chini, waandishi, wachoraji, wauza vitabu wanaojua kitabu gani mzazi anakishika akakirudisha kwa sababu ya bei. Mimi ningeongeza watoto wenyewe, na ningewapa uzito. Hapo mdogo wangu alicheka, akasema watachagua msanii. Nikaamua kuwauliza.

Jumamosi huwa nakaa na watoto wa mtaani kwetu, wa darasa la tatu mpaka la sita, nyuma ya nyumba, kwenye mkeka, chini ya mwarobaini. Tuna vitabu 19. Niliwaambia: nchi inatafuta mtu mmoja wa kuwasimamia watoto katika kusoma, mnataka aweje? Sikuomba jina. Kweli, wa kwanza alitaja msanii, yuleyule wa ofisini. Wakamshangilia. Kisha wakaanza kumpima. "Ana hadithi?" "Ana nyimbo." "Nyimbo si hadithi." "Nyingine ni hadithi." Wakabishana kama kwenye ngonjera. Mvulana wa darasa la tano akasema awe mtu anayejua kusoma sauti za wanyama, maana mwalimu wao husoma fisi na sungura sauti moja. Mwingine akasema aje mara mbili, asije mara moja. Mdogo kuliko wote akasema, "Asivute kitabu nikiwa sijamaliza." Na binti mmoja wa darasa la nne, ambaye kwa kawaida haongei, akasema, "Awe anajua kunyamaza sisi tukisoma."

Niliandika yote kwenye daftari. Kwa mimi, hizo ndizo sifa. Kamati ikikaa, wapewe karatasi ile.

Huyo binti nimweleze zaidi. Kati ya vitabu vyetu 19 kuna kimoja hakina mwisho. Kilinijia hivyo, cha mtumba, jani la mwisho limetoka. Fisi ameingia kwenye boma usiku, mlango umejifunga nyuma yake, jogoo mmoja ameamka, basi. Nilikuwa nimekiweka kando kwa kuona ni kibovu. Watoto wakakigundua, kikawa ndicho kinachogombewa kuliko vyote. Kila anayefika kwenye jogoo anainua uso na kumalizia mwenyewe, wengine kwa Kiswahili, wengine wakinogewa wanahamia Kigogo bila kujijua. Nimesikia fisi akiuawa, akitubu, akiwa mlinzi wa boma, akiolewa hata. Wa huyu binti ulikuwa tofauti. Fisi alimwomba jogoo asiwike mpaka atakapomaliza kusimulia kwa nini ana njaa, na jogoo, kwa kuwa alipenda hadithi, akakubali, na kukapambazuka bila yeye kuwika, watu wakachelewa shamba.

Majuzi nilibahatika kupata nakala nzima kwenye duka la vitabu mjini. Nikaileta Jumamosi. Nikampa yeye afungue ukurasa wa mwisho. Alisoma kimya, midomo ikicheza, wenzake wamemzunguka wanamsukuma mabega. Alipomaliza akarudia tena. Kisha akafunga.

"Huyu fisi wao amepigwa tu," akasema.

Akaomba kalamu. Akalala kifudifudi kwenye mkeka, akaandika ukurasa mmoja na nusu, akivunja maneno mahali pasipostahili, akifuta kwa mate. Nikatafuta sindano na uzi mweusi, tukaushona ukurasa wake kwenye ile nakala ya zamani. Sasa tuna fisi wawili. Jumamosi iliyofuata mtoto wa kwanza kufika alisimama mbele ya vitabu 20, akanyoosha mkono, akachukua kile chenye uzi.